Kubadili diski ya FAT32 kuwa NTFS bila kufuta mafaili yako

Jumamosi moja usiku mama mzazi wa bibi harusi alikuja kwangu kuchukua video ya binti yake. Nilikuwa nimeimaliza alasiri ile ile: saa mbili na dakika ishirini, tangu ndoa inafungwa msikitini hadi bibi harusi anaingizwa ukumbini, faili moja la GB 5.8. Akanikabidhi flashi yake ya GB 32, mpya, haina kitu ndani. Nikaichomeka, nikakopi, na kabla mstari wa kijani haujaanza kusogea, kompyuta ikakataa: faili ni kubwa mno kwa diski hii. Mama akasogeza kiti karibu na kioo, akauliza, “Mwanangu, hiyo tano na hii thelathini na mbili, ipi kubwa?”

Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Nafasi ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni uwezo wa mfumo wa mafaili uliokuwa ndani ya ile flashi, FAT32, kulipokea faili refu kiasi hicho. FAT32 huandika ukubwa wa kila faili katika kisanduku cha biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 4,294,967,295. Hizo ni baiti, yaani GB 4 kasoro baiti moja. Faili likizidi hapo hakuna mahali pa kuandika ukubwa wake, hata kama diski ni ya GB 500 na iko tupu.

Nafanya kazi ya kupiga na kuhariri video za sherehe hapa Tanga, na tatizo hili linanijia karibu kila wiki: kwa wateja, kwa vijana wanaoanza kazi, kwa walimu wanaobeba masomo ya video. Wengi wameshaambiwa mtaani, “Fomati tu, itakaa sawa.” Kweli itakaa sawa, ila vilivyokuwemo vitaondoka. Kwa diski ya FAT32 inayotakiwa iwe NTFS, mfumo mwingine wa mafaili usio na kikwazo hicho, Windows ina amri yake yenyewe inayobadili mfumo huku mafaili yakibaki mahali pake. Imo ndani ya Windows tangu zamani, hailipiwi, haihitaji kupakua kitu. Nitaieleza hatua kwa hatua kama ninavyoifanya mwenyewe.

Kwanza jua unakwenda wapi

Mfumo wa mafaili ni kama karani wa ghala na daftari lake. Yeye ndiye anayejua faili lipi limeanzia wapi, lina ukubwa gani na limo folda ipi. Video na picha zenyewe ni shehena. Ukibadili mfumo unabadili karani na daftari. Shehena inaweza kubaki palepale ilipopangwa. Ndiyo maana kubadili bila kufuta kunawezekana, na ndiyo maana pia daftari likichafuka katikati ya makabidhiano, shehena yote inakuwa haina mwenyewe.

FAT32 ilitoka mwaka 1996, enzi za Windows 95. Sifa yake kubwa ni kwamba karibu kila chombo kinaijua: redio ya gari, TV ya zamani, spika za kuchomeka flashi, kamera, kompyuta za aina zote. NTFS ina umri mkubwa zaidi, ilikuja 1993 na Windows NT 3.1. Haina kikwazo cha GB 4, na ina kitu ambacho sisi wa kukatikiwa umeme tunapaswa kukithamini: kabla haijabadili daftari lake, huandika kwanza pembeni kile inachokusudia kufanya. Umeme ukikatika katikati, ukiwasha tena inasoma yale maandishi ya pembeni na kurekebisha. FAT32 haina hilo. exFAT ndiyo mdogo wao, ya 2006, imetengenezwa kwa ajili ya flashi na kadi. Nayo inapokea mafaili makubwa, lakini haina yale maandishi ya pembeni.

Sasa jiulize diski yako itasomwa na nini. Kama inakaa kwenye kompyuta za Windows tu, au inahama kati ya kompyuta mbili tatu za ofisini, NTFS ndiyo jibu. Kama inazunguka kati ya Windows na Mac, chagua exFAT, kwa sababu Mac ikikutana na NTFS inasoma tu, haiandiki, mpaka uiongezee programu. Simu nyingi za Android zinakubali FAT32 na exFAT, lakini NTFS ni bahati nasibu. Linux ya siku hizi inasoma na kuandika zote tatu. PlayStation 4 haitaki NTFS kabisa. TV ndizo zinazosumbua: nyingi za miaka ya karibuni zinasoma NTFS na exFAT, za zamani zinajua FAT32 peke yake, na mara nyingi huwezi kujua mpaka ujaribu. Chukua flashi nyingine ndogo isiyo na kitu, ifomati kwa mfumo unaoutaka, weka wimbo mmoja au video moja fupi, kaichomeke kwenye hiyo TV. Ni kazi ya dakika tano tu.

Kuna sehemu za diski ambazo nakuomba usiziguse hata kidogo. Ndani ya kompyuta nyingi za kisasa, ukifungua orodha ya sehemu za diski, utaona kisehemu kidogo cha FAT32 kisicho na herufi, mara nyingi cha MB 100 hadi mia kadhaa. Hicho ndicho kompyuta inachokisoma ikiwaka. Ukikibadili kuwa NTFS, kompyuta inaweza isiwake tena. Kadi ya kamera nayo iache. Kamera huifomati yenyewe kwa namna inavyotaka. Hata flashi uliyoitengeneza kwa ajili ya kupiga Windows, ikiwa ni FAT32 ina sababu yake, usiihamishe.

Na jambo kubwa kuliko yote: barabara hii ni ya kwenda tu. Amri ya Windows inatoa FAT au FAT32 kwenda NTFS. Hairudi. Haigusi exFAT, si kwenda wala kutoka. Ukitaka njia nyingine yoyote, ni kutoa mafaili nje, kufomati, kisha kuyarudisha, nitaifikia mbele.

Hatua ya 1: Itambue diski yako

Chomeka diski, fungua dirisha la mafaili, iangalie herufi yake. Katika mfano huu nitaiita E. Bofya kulia juu yake, fungua sifa zake, utaona mfumo ulioandikwa: FAT32, NTFS au exFAT. Kama ni NTFS tayari, huna kazi. Tatizo lako liko kwingine.

Andika herufi hiyo kwenye karatasi. Sisemi hivi kwa kuongeza maneno. Herufi zinabadilika ukichomeka vitu kwa mpangilio tofauti, na amri inagusa herufi uliyoiandika, si uliyoikusudia.

Chomoa flashi na diski zote nyingine usizozihitaji. Kisha linganisha ukubwa unaouona na ule ulionunua. Flashi iliyoandikwa “2 TB” kwa bei ya chai na chapati ni ya kughushi: ndani ina GB chache, na ukizijaza, kinachozidi kinapotea kimya kimya. Diski ya namna hiyo usihangaike kuibadili mfumo. Kwenye Windows, programu ndogo ya bure iitwayo H2testw huijaza diski tupu halafu ikaisoma tena, ikakuambia ukweli wake.

Kama ukifungua flashi unakuta njia za mkato badala ya folda zako, basi kirusi kimezificha. Isafishe kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, halafu zirudishe zionekane kwa amri hii (namna ya kufungua dirisha la amri iko kwenye Hatua ya 2):

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yako mara nyingi yamo humo humo, yamefichwa tu. Usibadili mfumo wa diski yenye kirusi.

Hatua ya 2: Weka nakala mahali pengine

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilikuwa na diski ya nje ya GB 320 niliyoinunua mkononi kwa mtu, ikiwa na FAT32. Ilibeba harusi tatu ambazo bado sijazikabidhi. Nikaanza kuibadili usiku, kwenye kompyuta ya mezani, bila nakala. Taa ya buluu ya diski ilikuwa inapepesa vizuri, kisha waya wake, ambao nilijua umelegea, ukateleza nilipovuta kiti. Taa ikazimika. Nilipouchomeka tena, Windows ikaniambia diski haijafomatiwa, niifomati? Picha nyingi za harusi mbili nilizipata baada ya siku nne za programu za kuokoa mafaili, majina yote yamepotea, mafaili yamegeuka namba. Harusi ya tatu sikuipata. Nililazimika kwenda nyumbani kwa wazazi wa bwana harusi, nikakaa kwenye mkeka barazani, nikawaeleza. Baba mzazi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Bibi yake alikuwa mle. Amefariki mwezi uliopita.” Kuna maneno ya mtu hayakutoki maishani.

Kwa hiyo nakala kwanza. Amri ya kubadili mfumo ni nzuri na mara nyingi inamaliza salama, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia waya, umeme na diski iliyozeeka.

Unahitaji sehemu yenye nafasi ya kutosha: diski ya ndani ya kompyuta, au diski nyingine ya nje. Kukopi kwa kuburuta kunafaa kwa vitu vichache. Kwa diski nzima natumia robocopy, imo ndani ya Windows. Fungua dirisha la amri: bofya kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kulia juu ya jina linalotokea, chagua kulifungua kwa mamlaka ya msimamizi. Kisha:

robocopy E:\ D:\Nakala /E /R:1 /W:1 /A-:SH /XD "System Volume Information"

Hapa D ni herufi ya diski inayopokea nakala, weka ya kwako. Neno /E linachukua folda zote pamoja na zilizo tupu. Hizo R na W zinazuia programu kung’ang’ania faili bovu. Zisipowekwa, inajaribu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na utakuta asubuhi bado iko palepale. Hiyo /A-:SH ni ya kuzuia jambo moja linaloshtua watu: ukikopi kutoka mzizi wa diski, folda mpya inaweza kurithi hali ya kufichwa, ukadhani nakala imepotea. Ikitokea hivyo, andika attrib -h -s D:\Nakala na itaonekana.

Kwa bandari ya USB ya kizamani, tarajia karibu MB 30 kwa sekunde. GB 200 ni kama saa mbili hivi. Kaa na kazi nyingine, usiichezee diski.

Ikimaliza, robocopy inatoa jedwali. Safu ya kutazama ni ya walioshindwa, yenye kichwa FAILED. Iwe sifuri kote. Halafu fungua nakala yenyewe. Cheza video mbili tatu, rukia katikati na mwishoni, fungua picha chache, fungua lile faili la Excel lenye hesabu. Nakala ambayo hujaifungua bado usiihesabu kuwa nakala.

Hatua ya 3: Kagua afya ya diski

chkdsk E: /f

Amri hii hupitia daftari la FAT32 na kurekebisha makosa. Kama diski imewahi kuchomolewa kiholela, na zetu nyingi zimewahi, kutakuwa na kitu cha kurekebisha. Ikitaja makosa na kuyarekebisha, iendeshe mara ya pili mpaka iseme hakuna tatizo. Makosa yakirudi kila ukikagua, au diski inatoa mlio wa kugonga gonga, acha kabisa. Diski hiyo inakufa. Ulichobakiza ni ile nakala, na hela ya kununua nyingine.

Angalia pia nafasi iliyobaki. Daftari jipya la NTFS linaandikwa kwenye nafasi tupu wakati la zamani bado lipo, kwa hiyo diski iliyojaa pomoni itakataliwa. Mimi huacha angalau sehemu moja ya kumi ikiwa tupu. Hicho si kiwango cha Microsoft, ni kipimo changu cha kulala usingizi.

Hatua ya 4: Badili

Kama ni laptopu, hakikisha betri imejaa na chaja iko kwenye umeme. Kama ni kompyuta ya mezani bila UPS, kile kifaa cha kuhifadhi umeme, tazama kwanza LUKU ina uniti ngapi, na usianze siku ambayo mtaa wenu unakatiwa. Zuia kompyuta isilale. Bonyeza waya wa diski uingie vizuri, weka diski mahali ambapo mtoto hafiki. Funga programu zote zilizofungua kitu ndani ya diski hiyo, pamoja na dirisha la mafaili lenyewe.

Sasa uliza jina la diski:

vol E:

Litakuja kwenye mstari wa kwanza, mfano HARUSI2019. Liandike kwenye ile karatasi, kisha:

convert E: /fs:ntfs /nosecurity

Neno la mwisho linafanya mafaili yaliyobadilishwa yafunguke kwa kila mtumiaji. Kwa diski inayozunguka kati ya kompyuta kadhaa naona ni jambo la lazima, vinginevyo kesho utaambiwa huna ruhusa ya kufungua folda yako mwenyewe. Kwa diski ya ofisi yenye siri za watu, liache, uweke ruhusa kwa utaratibu baadaye.

Ukibonyeza kitufe cha kuingiza, kompyuta itasema diski ni FAT32, halafu itakuomba uandike jina la sasa la diski. Hapa wengi hukwama na kunipigia simu, wakidhani wanaombwa nywila au wabuni jina jipya. Ni kinga tu: inataka uthibitishe kwamba unajua unagusa diski ipi. Andika lile jina ulilolipata kwa vol, jinsi lilivyo. Kama diski haina jina, bonyeza kitufe cha kuingiza bila kuandika kitu. Ukikosea itakataa na kutoka bila kugusa chochote, nawe unaanza upya.

Baada ya hapo itakagua mafaili na folda, ihesabu nafasi inayotakiwa, ioneshe jumla ya diski na iliyobaki, kisha ianze kubadili. Mafaili hayahamishwi, ndiyo maana diski ya GB 500 yenye video mia mbili inamaliza upesi kuliko flashi ya GB 32 yenye vipicha laki moja. Kinachochosha karani ni idadi ya mistari ya daftari. Kuna kipindi kioo hakisogei kabisa. Tazama taa ya diski: ikipepesa, kazi inaendelea. Usibonyeze kitu, usifunge dirisha, usichomoe.

Mwisho utaona maneno “Conversion complete”. Hapo umemaliza.

Ikikataa

Ikisema haiwezi kupata diski peke yake, maana yake kuna programu imeishikilia. Itakuuliza kama uipange ifanyike kompyuta ikiwaka tena. Kwa diski ya ndani, kubali, uwashe upya. Kwa diski ya nje mimi nakataa, natafuta kinachoishikilia: mara nyingi ni kicheza video, programu ya kuhariri, au dirisha la mafaili lililosahauliwa nyuma. Nafunga, narudia. Inaweza pia kukuuliza kama iiachanishe diski kwa nguvu. Ukikubali, programu yoyote iliyokuwa ikiandika humo itakatwa katikati, basi uwe na hakika hakuna.

Ikisema kuna uharibifu, rudi kwenye chkdsk. Ikisema nafasi haitoshi, hamisha video moja kubwa uiweke kando, ubadili, kisha uirudishe. Ikikuambia huna mamlaka, ulifungua dirisha la amri kwa njia ya kawaida. Na kama diski ni exFAT, itakuambia aina hiyo haibadiliki. Nenda njia ya kufomati.

Hatua ya 5: Hakikisha kabla ya kufuta nakala

Fungua sifa za diski, uone NTFS. Kagua tena:

chkdsk E:

Bila /f inasoma tu. Kisha fungua mafaili yale yale uliyoyafungua kwenye nakala. Jaribu jambo lililokuleta: kopi faili la zaidi ya GB 4. Mwisho toa diski kwa kumwomba Windows aiachie kwanza, ndipo uchomoe. Nakala yangu huwa naiacha wiki mbili, diski ifanye kazi yake ya kila siku, kabla sijaifuta.

Kwenda exFAT, au kurudi FAT32

Hapa hakuna njia ya mkato. Fanya hatua ya kwanza na ya pili kama zilivyo, tena kwa nakala mbili kama mafaili hayana mfano wake popote, kwa sababu sasa unaifuta diski kwa makusudi. Ukishafungua nakala ukaridhika, soma herufi ya diski kwa sauti, uilinganishe na karatasi, halafu:

format E: /FS:exFAT /Q /V:HARUSI

Neno /Q ni la kufomati haraka, na /V ni jina jipya. Rudisha mafaili kwa robocopy, ukibadilisha mahali pa kutoka na pa kwenda:

robocopy D:\Nakala E:\ /E /R:1 /W:1

Tahadhari moja ya exFAT: kwenye diski ya zaidi ya GB 32, Windows hugawa nafasi kwa vipande vya KB 128. Faili la KB 1 linakalia KB 128. Kwa video haidhuru, lakini mwenye vifaili vidogo elfu kumi atapoteza zaidi ya GB 1 bure. Unaweza kuongeza /A:32K kwenye amri ya kufomati upate vipande vidogo.

Kurudi FAT32 ni vivyo hivyo, ukiweka FAT32 badala ya exFAT. Lakini dirisha la kufomati la Windows kwa miaka mingi limekataa FAT32 kwenye diski ya zaidi ya GB 32. Kiwango hicho ni uamuzi wa Windows, si wa FAT32 yenyewe. Programu ya bure ya Rufus inaifomati bila shida. Kumbuka tu kwamba faili lolote la zaidi ya GB 4 lililo kwenye nakala halitarudi.

Kwenye Mac kazi hii inafanywa na programu yake ya diski: chagua diski nzima, ifute, chagua ExFAT. Nayo inafuta kila kitu, kwa hiyo nakala ni ile ile.

Yule mama sikumbadilishia kitu. Nilimuuliza, “Mama, nyumbani mnaangalia kwenye TV gani?” Akanieleza: ya zamani, ya mumewe, imekaa sebuleni Korogwe tangu watoto wadogo, na mara ya mwisho alipoipelekea flashi ya jirani ilisema haina kitu. Nikajua TV ile inataka FAT32 na si kingine. Nikaikata video sehemu mbili, ya msikitini na ya ukumbini, kila moja chini ya GB 3, nikaziweka kwenye flashi yake jinsi ilivyokuja. Video nzima ya GB 5.8 nikaihifadhi kwenye diski yangu ya NTFS, na nyingine kwenye diski ya pili iliyo nyumbani kwa dada yangu. Jumapili jioni akanipigia simu, nyuma yake nikisikia vigelegele vya ukumbini vikitoka kwenye spika ya TV.